Mlima Unaogawa Mvua

Olasiti, Arusha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limepunguza ukorofi. Mimi sijambo, Alhamdulillah, ila baridi ya huku imenivisha sweta mbili, moja juu ya nyingine, mpaka wanafunzi wananicheka. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ukianza kulia tu, nasahau yote niliyotaka kusema. Dada Mwajuma akusomee taratibu, wala asiruke mahali.

Najua unachosubiri. Unataka kujua kama nitaichukua ile nafasi ya ualimu iliyopatikana hapo Lindi nirudi nyumbani, au nitabaki huku. Nitajibu. Lakini kwanza nikueleze nilichokiona juma lililopita, maana bila hicho jibu langu utalichukia.

Unakumbuka nilipokuwa nafundisha Jiografia kijijini, nikirundika mchanga uani na kuwaambia watoto: huu ndio mlima, upande huu mvua, upande ule ukame. Nilisema hivyo miaka saba na mlima wenyewe sijawahi kuuona. Sasa naishi chini yake, mama! Mawingu yakiondoka asubuhi na Meru yote ikatokea, mimi mtu mzima nasimama barabarani mdomo wazi, chaki mfukoni.

Tuliwapeleka kidato cha tatu kuuzunguka kwa basi la kukodi. Tulianzia Makumira, upande unaoelekea bahari ya kwenu. Kule kahawa imekaa kwenye kivuli cha migomba, maji yanapita mferejini, na nyumba zimekaribiana hata jirani akipiga chafya unamwambia pole bila kutoka kitandani. Mzee mmoja alitwambia kahawa yake inanywewa na watu wa nchi za theluji, ambako mti wake hauwezi kuota. Yeye mwenyewe anakunywa chai. Nilicheka, nikakumbuka korosho zetu zinavyopanda meli na sisi tukabaki na mihogo.

Tukapita mjini, tukashika barabara ya Namanga. Baada ya Ngaramtoni kijani kikaanza kupungua, na tulipofika Oldonyosambu kilikuwa kimekwisha kabisa. Vumbi, miti ya miiba, mbuzi, boma moja hapa na jingine kule mbali. Na mlima ni uleule, siku ni ileile! Upepo unaotoka baharini, huohuo unaopeperusha khanga zako kwenye kamba, unaupanda mlima huu na kumwaga maji yake upande wa Makumira, na ukishavuka hauna kitu tena. Mvua ndiyo iliyowapanga watu, hawa walime na kubanana, wale wafuge na kutawanyika. Nilisema "Subhanallah!" kwa sauti basi zima likanigeukia. Yaani wale waliokuwa macho, maana watoto waliozaliwa hapa nusu yao walikuwa wanakoroma.

Kazi ya wanafunzi ilikuwa kujaza fomu ya idadi ya watu katika kila kaya, kama ile ya sensa. Tukaingia bomani kwa bibi yake Naserian, mwanafunzi wangu. Bibi ni Mmaasai asiyejua Kiswahili, kwa hiyo Naserian alitafsiri. Nikauliza, "Mko wangapi hapa?" Bibi akageuza uso. Naserian akanivuta pembeni.

"Mwalimu, kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watoto ni kama unawatakia mabaya. We uliza majina."

Niliona aibu, mama. Miaka yote nafundisha idadi ya watu duniani, na sikujua kuuliza. Nikaomba radhi, nikaanza upya. Bibi akayataja majina mojamoja, nami nikaandika. La mwisho lilikuwa Lemayan, mwanawe anayelinda ghala Dar es Salaam, ambaye hajarudi miaka minne. Hilo nikalikata, kwa kuwa fomu inataka waliolala hapo usiku uliotangulia. Bibi hajui kusoma, lakini kalamu aliiona.

"Anauliza umemfanya nini mwanawe," Naserian akasema.

"Mwambie hayupo. Atahesabiwa huko aliko."

Bibi akasema maneno machache, bila ukali.

"Anasema huko analala tu. Mwandike."

Nikamwandika. Hapo nilikuona wewe umekaa kibarazani, ukimtajia mgeni jina langu.

Basi jibu langu ni hili: moyo wangu unataka kubaki. Sijakuchoka, na wala sijapata mke huku kama Mwajuma anavyotangaza. Kila siku nikiutazama mlima huu najiona mdogo, na ninafurahi kuwa mdogo, na ninafundisha vizuri kuliko zamani. Lakini sitaki kubaki kwa kukutoroka. Radhi yako naihitaji kuliko mlima.

Nisalimie mjomba Hamisi na mikorosho yake, na shangazi Somoe, mwambie maandazi ya huku hayana iliki. Mwajuma asante kwa kusoma.

Ndani ya bahasha hii mna fomu ya uhamisho. Nimeijaza yote na kutia saini. Ukitaka nirudi, mpe Mwajuma aipeleke wilayani, nami nitakuja bila kununa. Ukiniachia nibaki, iwashie moto chini ya chungu.

Mwanao,
Athumani