Mtu Asimpite Mwalimu

Jumanne, tarehe 20 Aprili 1999

Jimnastiki tena. Asubuhi, kiwanja cha nyuma ya shule, nyasi zimelowa. Nilipiga filimbi. Darasa la sita la sekondari lilitoka kama watu wanaokwenda kuzika.

Nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Sasa, mstaafu mwenye magoti mabovu, nafundisha watu kuruka. Mwalimu wa jimnastiki alivuka ziwa kwenda Kigoma vita vilipofika hapa Baraka, na prefe, mkuu wetu wa shule, hakupata mwingine. Anasema somo moja likikosa alama, matokeo yote yanakataliwa. Ni kweli. Kanuni ni kanuni.

Maelekezo nayajua kwa sababu nimeyasoma. Kuyaonyesha siwezi. Leo nilieleza namna ya kuruka kwa miguu miwili, kisha nikakaa kwenye jiwe.

Wavulana wanakimbia vibaya. Vibaya mno kwa vijana wanaopanda mlima kila siku kwenda mashambani. Wasichana wanawashinda. Nimekasirika.

Alhamisi, tarehe 22 Aprili

Nimewapima mbio. Asukulu amekuwa wa mwisho. Kijana wa miguu mirefu, wa kwanza darasani kwa insha. Nimemwona mara nyingi akikimbia na mpira, hakuna anayemfikia. Leo alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani.

Nilimwuliza sababu. "Mwalimu, muguu inaniuma." Upi? Akaonyesha wa kulia, kisha wa kushoto. Wenzake wakacheka. Nikampa mbili juu ya ishirini. Kiburi hakipati alama kwangu.

Nilimkumbusha mbele ya wote: aliye chini ya kumi haendi kwenye mtihani wa serikali. Mtihani utafanyika Uvira. Barabara imefungwa, lakini prefe amepata boti. Anayefaulu atapanda boti; asiyefaulu atabaki Baraka. Asukulu ana mjomba Uvira. Angeweza kukaa huko, akaingia chuo. Aliinama akafunga kamba ya kiatu.

Mtu mmoja mwenye koti la kijeshi alikaa kwenye ukuta uliobomoka, akitafuna muwa. Huja kila siku ya jimnastiki. Anapenda michezo, nadhani. Nilipowasifu wavulana wawili waliotangulia, naye aliwapigia makofi.

Jumanne, tarehe 27 Aprili

Wawili hawapo. Ni wale waliotangulia Alhamisi. Nimewaandika watoro. Niliuliza kama wanaumwa. Darasa zima lilitazama nyasi.

Baadaye walikimbia polepole kuliko siku zote. Wengine walitembea. Niliwafokea mpaka sauti ikakauka. Mtu wa koti alicheka, akaondoka mapema.

Asukulu: moja juu ya ishirini.

Jumatano, tarehe 28 Aprili

Mama Asukulu alikuja kwangu mchana. Anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni; nywele zake zinanuka moshi na samaki. Sikumkaribisha vizuri. Nilidhani amekuja kuombea alama. Nilianza kumweleza kanuni.

Alinikatiza. "Mwalimu, tafazali, umupe sufuri. Umupe sufuri kabisa."

Sikuelewa. Akaniambia kama anavyoambiwa mtoto mdogo. Mtu wa koti ni wa komanda wa wapiganaji walioshuka kutoka milimani. Kazi yake ni kuangalia. Wanaokimbia vizuri anawaonyesha kwa komanda, na usiku wanakuja kuwachukua nyumbani. Wale wawili hawakutoroka shule. Walichukuliwa siku ileile niliyowasifu.

"Batoto bote banajua," alisema. "Bamama bote banajua. Ni weye tu, Mwalimu, uko napiga filimbi."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapanga mstari. Mimi ndiye niliyemtaja kwa sauti aliyetangulia na aliyefuata.

Nilimwambia: akipata sufuri hatapanda boti. Atabaki hapa mwaka mzima, nao wapiganaji watakuwa hapahapa. Hakuwa amelifikiria. Alikaa kwenye kizingiti.

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alipoondoka niliivua filimbi shingoni. Nimeshika filimbi hii muhula mzima. Naichukia sasa ninapoandika.

Jumapili, tarehe 2 Mei

Sikwenda misa. Magoti, niliwaambia. Si magoti.

Nimekwenda nyumbani kwa wale wawili. Kwa wa kwanza mlango umefungwa kwa kamba. Kwa wa pili baba yake alinipa kiti, tukazungumza kuhusu muhogo na ugonjwa wa majani. Nilishindwa kusema nililokwenda kulisema. Aliniaga vizuri. Vizuri kuliko ninavyostahili.

Nimeamua. Nitamwandikia Asukulu kumi na mbili bila kumpima. Sijawahi kuandika alama nisiyoiona. Mapadri walionifundisha wangenifukuza kazi. Basi wanifukuze.

Jumatatu, tarehe 3 Mei

Uongo wangu hauna kazi. Prefe ameniita. Jaribio la jimnastiki litafanyika hadharani wiki ijayo, kiwanjani, na yeye mwenyewe ataandika alama. Komanda ameomba kuwapo. Ataletewa kiti.

Nilimwuliza prefe kama anajua wale wawili wako wapi. Alifunga dirisha. "Mwalimu, we unataka niseme hapana kwa nani? Kwa bunduki?" Kisha akafungua dirisha tena na kuanza kuzungumza kuhusu chaki.

Nilipendekeza tuwafanyie jaribio la maandishi. Alikataa. Nilipendekeza kanisani, milango ikiwa imefungwa. Alikataa. Nilimwomba waruke tu, wasikimbie. Alisema mbio zimo katika programu, muhtasari wa somo. Zimo. Programu naijua mimi kuliko yeye. Nimenaswa na kitabu changu mwenyewe.

Asukulu akikimbia ipasavyo, komanda atamwona. Akikimbia ovyo, prefe atamwangusha. Sioni mlango.

Jumamosi, tarehe 8 Mei

Programu inasema wanafunzi wakimbie "kwa mwendo atakaouongoza mwalimu". Nimeisoma hapo asubuhi, nikairudia. Mwendo wa mwalimu. Mwalimu ni mimi. Mwendo wangu ni wa mzee mgonjwa.

Nitakimbia mbele yao. Nitatangaza sheria: mtu asimpite mwalimu, anayempita amepata sufuri. Wote watafika, wote watakuwa wamekimbia, na hakuna atakayeonekana ana mbio kuliko mwenzake. Prefe ataandika alama bila kusema uongo.

Jioni nimejaribu kukimbia kati ya matuta ya muhogo wangu. Niliona nyota. Jirani, mjane anayekaanga maandazi, alisimama uani kwake kunitazama. "Mze, ni nani anakufukuza?" Nikamwambia ni jimnastiki. Akacheka mpaka akaita binti zake.

Magoti yamevimba. Nimeyapaka mafuta ya mawese ya moto. Naogopa nisifike mwisho. Naogopa sana.

Jumanne, tarehe 11 Mei

Nitaandika kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa.

Komanda alikuja na watu wake, mtu wa koti akiwa miongoni mwao. Akaketi kwenye kiti cha ofisi ya prefe. Hakuwa mzee. Alikuwa na adabu. Alinisalimu kwa mikono miwili na kuniita baba.

Nilitangaza sheria. Darasa lilinitazama bila kuelewa. Kisha Asukulu akaelewa. Niliona uso wake ukifunguka, akawageukia wenzake, nao wakaelewa mmoja baada ya mwingine. Nilivua viatu, Asukulu naye akavua vyake. Nikapiga filimbi nikaanza.

Walinifuata kwa kundi, polepole, wakinihesabia pumzi. Nyuma yangu mtu alisema, "Mwalimu anakimbia sawa bata." Mwingine akajibu, "Nyamaza, utamupita kwa kucheka." Komanda alicheka pia. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Goti la kushoto lilikuwa likiniita kwa jina. Hakuna aliyenipita. Tulifika. Prefe aliwaandikia wote kumi na mbili, na sauti yake ilikuwa nyepesi alipozisoma. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo kwa sababu ni kweli. Kwa dakika chache nilikuwa na furaha kuliko nilivyokuwa kwa miaka mingi.

Komanda akasimama. "Hii ni mbio ya bamaiti," alisema bila hasira. Akachukua bunduki ya mtu wake, akafyatua hewani, mara kadhaa.

Hapa Baraka hakuna anayesubiri kufikiri akisikia hivyo. Wote walikimbia. Mimi nilianguka. Asukulu aliwapita wote. Sijapata kuona binadamu anakimbia hivyo. Alikuwa amekwisha fika kwenye michikichi, mahali ambapo mtu haonekani tena. Angeendelea kidogo tu.

Aligeuka. Aliniona nimelala chini. Akarudi mbio ileile, peke yake, kiwanja kizima, akanishika kwapani. "Simama, Mwalimu. Simama basi." Alidhani nimepigwa risasi.

Komanda alikuja taratibu. "Huyu anajua kwenda, na anajua kurudia," aliwaambia watu wake. "Wale bengine, mubaache."

Nilimshika Asukulu mguu. Nilisema ni mgonjwa, ni kilema, ni mtoto wangu. Nilisema kila kitu. Walivifungua vidole vyangu kimoja kimoja, bila kuniumiza. Prefe alikuwa amesimama ameshika kalamu.

Walimpeleka upande wa barabara ya Fizi. Alikuwa peku. Viatu vyake vilibaki karibu na vyangu.

Jumatano, tarehe 12 Mei

Siwezi.

Ijumaa, tarehe 14 Mei

Nilikwenda Fizi, juu ya baiskeli ya kukodi, nikiwa nimebebwa nyuma kama mzigo. Kwenye kizuizi waliniuliza natafuta nani. Mwanafunzi, nilisema. Walisema hapa hakuna mwanafunzi. Niliomba kumwona komanda. Yuko njia ya Misisi, walisema, kwenye machimbo ya dhahabu. Mwingine akasema yuko Minembwe, milimani. Mwingine akasema, "Rudia kwako, mze, jua iko kali." Alinipa maji. Alikuwa na umri wa wanafunzi wangu.

Nilirudi.

Jumanne, tarehe 18 Mei

Boti imeondoka kwenda Uvira. Nilikwenda ufukweni kwa sababu darasa liliniomba. Walipanda na magunia yao na masufuria. Hakuna aliyeimba. Msichana mmoja alinishika mkono, akataka kusema jambo, akaitwa.

Prefe alisoma majina. Jina la Asukulu alilisoma pia. Amefaulu, jina lake lazima lisomwe. Alingoja kidogo, kisha akasoma linalofuata. Sikumchukia kwa hilo. Ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana najichukia mimi.

Nimempa prefe filimbi. Nimemwambia sitafundisha tena, si jimnastiki, si sarufi. Aliiweka mfukoni bila kubisha.

Jumamosi, tarehe 22 Mei

Leo nimekwenda kwa Mama Asukulu. Nimechelewa siku nyingi. Kila asubuhi nilivaa, nikavua.

Alikuwa ufukweni, ameanika ndagala mchangani pamoja na akina mama wengine. Nilimwambia yote. Kwamba nilianguka. Kwamba sikupigwa na kitu, ni magoti tu. Kwamba mwanawe alikuwa amekwisha fika kwenye michikichi.

"Najua," alisema. "Balishaniambia."

Nilingoja anilaani. Aliendelea kuzigeuza ndagala kwa kiganja.

"Ile mutoto angerudia nyuma hata kwa kuku yenye kuanguka," alisema. "Ukae, Mwalimu. Jua itakuangusha tena."

Nilikaa. Alinipa kijiti cha kufukuzia ndege. Nilifukuza ndege.

Mchana wingu lilishuka kutoka milimani, upepo ukageuka. Akina mama waliinuka kwa kelele, wakiitana, wakikimbia na mabeseni, wakizoa samaki wao kabla mvua haijafika. Ndagala zikilowa zinaoza; mali ya wiki nzima inapotea. Niliinuka kwa shida. Nikachukua beseni lake nikaanza kuzoa.

"Acha, Mwalimu," alisema. "Inyeshe tu."

Hakusimama. Nikaliweka beseni chini, nikakaa tena karibu naye. Mvua ikaja kutoka upande wa milima, ikavuka barabara, ikatufikia. Ufukwe mzima ulikuwa mtupu. Tulizitazama ndagala zikilowa.