Kubandua Daraja la Gitaa la Wakiuru

Umoja One,
Nairobi.
15 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Kate,

Nakusalimu kutoka nyumba hii ambayo dada yako ameiacha kubwa mno. Mgongo wako umepoa? Na baridi ya huko Calgary imeanza kubisha hodi? Mimi nala, nalala, na dawa ya presha naimeza bila kukumbushwa, jambo ambalo Wakiuru asingeliamini.

Niliusoma ujumbe wako kwamba gitaa lake nimpe Javan wa kwaya, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kipawa. Nakujibu kwa barua maana kwenye simu ningefoka, na wewe hukunikosea. Hukujua alichofanya.

Baada ya mazishi Javan aliliazima, ati kwaya imuenzi marehemu. Gitaa lile lilitengenezewa nyuzi za nailoni. Bingwa wetu akazitoa, akafunga za chuma, lisikike mpaka barabarani. Nyuzi hizo zikavuta hadi daraja, kile kibao kilichogundishwa kifuani mwa gitaa kushikilia nyuzi, likaanza kung'oka upande wa nyuma. Kuniambia ukweli hakuweza. Alimiminia gundi ya supaglu, akapangusa kwa kidole na kunirudishia, alama ya kidole chake ikiwa imekaukia kwenye vanishi. Fikiria, Kate. Dada yako alikuwa akikanda unga wa chapati kwa mkono wa kushoto ili asivunje kucha za mkono wa kulia, za kupigia gitaa. Na huyu ndiye mwenye kipawa.

Mwezi uliopita daraja likainuka tena. Ikabidi libanduliwe lote, lisafishwe, ligundishwe upya. Shida ni kwamba ubao wa chini yake ni mwembamba sana. Ukipasuka, gitaa limekwisha. Jumamosi ya tarehe saba Javan alikuja kulibandua, na vifaa vyake vilikuwa patasi na nyundo ya kupigia misumari ya mabati.

"Mzee wangu, relax," akaniambia. "Hii ni kazi ya dakika mbili. Nimeona video."

Bahati nzuri nilikuwa nimemwita Ndete, yule seremala wa Shauri Moyo aliyetutengenezea kitanda. Alikuwa hajawahi kufanya kazi ya gitaa, na alilisema hilo akiwa bado mlangoni, nikampenda zaidi. Akaitazama ile nyundo.

"Kijana, weka hiyo kitu chini. Leo hatubomoi kibanda."

"Na wewe fundi wa vitanda unajua nini kuhusu gitaa?"

"Sijui kitu. Lakini gundi naijua. Ukiipiga inaondoka na ubao."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike Machi.

Tulilegeza nyuzi zote, tukazitoa. Ndete akaingiza kioo kidogo kwenye tundu la kifuani mwa gitaa, ahakikishe hakuna skrubu iliyofichwa kwa ndani. Tukafunika kifua chote kwa katoni na karatasi ya foili ya kufungia nyama ya kuoka, tukaacha daraja peke yake. Juu yake tukaweka kitambaa, kisha pasi yenye moto mdogo, dakika mbili mbili, na kupumzika katikati. Kisu kilikuwa chembamba, ncha imefanywa butu kwa msasa, nacho kilipashwa katika maji moto na kupanguswa. Akakiingiza pale palipokwisha kuachana, akakisogeza kidogo kidogo kufuata mistari ya ubao. Kikikwama, anaacha, anarudisha pasi. Hakukitumia kama mtaimbo hata mara moja.

Ilichukua saa mbili. Bingwa alikuwa kwenye kochi na simu yake, akimaliza mandazi yangu na kuuliza kila baada ya muda kama bado tu. Alipochoka akanichoma.

"Lakini Mzee, wewe hata hulipigi. Unalifungia la nini?"

Wakati huohuo daraja liliachia, taratibu, likabaki mkononi mwa Ndete. Hakuna hata kibanzi kilichong'oka. Kifua chote cha gitaa kimekuwa na rangi ya chai, unakumbuka, lakini pale palipofunikwa ubao ulikuwa mweupe kama siku tuliyolinunua, tukiwa bado hatujaoana. Ndete akanipisha nitazame. Javan akauliza kama tumemaliza.

Limegundishwa, limekaa siku tano kwenye vibanio, na jana tumelifunga nyuzi za nailoni. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, simpi, wala kuliazima hataliazima tena. Aliyoyasema ni kweli: silipigi. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu ilikuwa kusikiliza, Kate, na niliifanya vizuri kuliko Javan anavyofanya yake. Ukija Desemba utalikuta zima. Utapiga wewe, nami nitarudi kazini.

Nisalimie Bwana Obura na Everline mdogo, umwambie meno ya mbele yataota. Mungu awafunike nyote na awarudishe salama.

Mimi shemeji yako, nikupendaye kama alivyokupenda yeye,

Ngigi