Sakafu ya Bahari Si Tupu

3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na lile sikio la kushoto linaendeleaje? Mimi nimerudi nchi kavu juzi, mzima, ila miguu bado inadhani iko melini. Simu huisikii siku hizi, kwa hiyo nakuandikia.

Tulikaa baharini siku thelathini na nane. Tulikuwa tukishusha sanduku la chuma kwa waya wa kilomita nne, linang'ata kipande cha tope kule chini, kisha tunalisubiri saa mbili lipande. Tope lile nalichuja kwa maji baridi mpaka vidole vinakufa ganzi. Watu wanadhani kwenye giza lile hakuna kitu. Baba, nimepata aina mia mbili na kumi na moja za wanyama, na zaidi ya nusu hawana jina katika kitabu chochote! Kuna konokono mdogo kama punje ya mtama. Jamaa zake wa maji ya juu wana macho mawili mazuri. Yeye amebakiwa na vidoa viwili chini ya ngozi. Vizazi kwa vizazi gizani, macho ya nini? Anaishi juu ya mawe meusi ya madini yaliyotapakaa kule kama viazi shambani. Jiwe likiondoka, naye basi.

Kampuni moja inataka kuyazoa mawe hayo, na taasisi yetu imetakiwa kusema ni nini kitapotea. Nimeandika kurasa arobaini. Nimekuwekea mchoro wa konokono. Usimwonyeshe Shangazi.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi umerudi salama. Sikio la kushoto limestaafu rasmi, na la kulia limeshaandika barua ya maombi. Kwingine kote ni mzima.

Shangazi yako kauona mchoro. Kasema, "Kasoma miaka yote ile aje kuwa mama wa konokono?" Nikamwambia heri konokono, hawasengenyi. Kaninunia siku mbili, nikapumzika vizuri sana.

Mimi nimekagua nyama machinjioni miaka ishirini na sita, mambo ya kumfungua mnyama na kumsoma ndani nayajua. Huyo wako sijui unamfungua kwa kisu gani. Kula vizuri.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na afya. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo unaochemka.

Mkurugenzi wa taasisi yetu ameniita ofisini. Kurasa zangu arobaini zimekuwa tatu. Ukurasa wa mwisho unasema: "Sakafu ya eneo hili haina viumbe wa kuzingatiwa." Chini yake jina langu, na mstari wa sahihi.

Nikamuuliza, "Wale mia mbili na kumi na moja wamekwenda wapi?"

Akacheka. "Nani atakwenda kuwahesabu? Weka sahihi, dada. Safari ijayo kiongozi ni wewe."

Amenipa mpaka mwisho wa Mei. Niambie neno, Baba.

Binti yako

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba, pole na kazi. Sisi huku wazima.

Umeniomba neno, nakupa: weka sahihi. Kule chini hakuna mtu. Leo ukigoma, hupandi meli tena, na ni meli hiyo hiyo uliyoililia tangu una miaka kumi na miwili. Mkubwa akitaka karatasi yake, ataipata kwako au kwa mwingine. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa, nawajua. Ishi kwanza.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Afya yangu njema.

Siweki. Nimemwambia Mkurugenzi leo asubuhi mbele ya karani wake, na kesho akiuliza nitamwambia tena. Wamenipokonya ufunguo wa maabara. Chupa zangu za vielelezo zimo ndani, lakini daftari ninalo.

Aliyenifundisha kuangalia vizuri kabla ya kusema ni wewe. Sasa nimeangalia, unataka nifumbe macho? Kama jibu lako ni lile lile, usihangaike kuandika.

Binti yako

2 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekaa miezi miwili na zaidi nikiianza barua hii na kuichana. Si ugonjwa, ni aibu.

Kabla hujazaliwa, lori lilileta machinjioni ng'ombe watatu waliokufa njiani. Nyamafu, hata kipofu angejua kwa harufu. Msimamizi akasema, "Piga muhuri, shule ya bweni inasubiri." Nikapiga. Watoto wengi waliugua. Msichana mmoja wa darasa la tano hakupona. Uchunguzi ukamwangukia mpishi. Akafukuzwa, mimi nikapandishwa cheo. Mama yako alikufa hajui.

Niliposema weka sahihi nilikuwa naitetea yangu, mwanangu. Ungekubali, ningejiambia kwamba kila mtu hufanya hivyo. Wewe ukakataa, nikakosa pa kujificha.

Wiki iliyopita nimekwenda kumtafuta yule mpishi. Yu hai, mzee kama mimi. Nimemwambia yote mlangoni kwake. Hakunikaribisha ndani, na ana haki.

Usiweke. Hata wakikutupa barabarani.

Baba yako

14 Septemba

Baba,

Shikamoo. U hali gani, na Shangazi je? Mimi nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu aliyelala vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nilikasirika, nikakuelewa, nikakasirika tena. Bado. Ila umekwenda mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule mzee, na hilo nimeliona.

Nimeshafukuzwa. Kikao cha hadhara cha kuamua kama kampuni ipewe kibali kilikuwa wiki iliyopita, nami nilikaa kwenye viti vya wananchi. Mkurugenzi akasoma kurasa zake tatu. Nikanyoosha mkono, nikapewa dakika tatu. Nikafungua daftari, nikaanza: aina ya kwanza, mnyoo mweupe, anachimba tope, aina ya pili, jongoo bahari anayeogelea. Nilipofika ya kumi na tisa mwenyekiti akasema muda umekwisha. Nikaendelea. Wakazima kipaza sauti, nikapandisha sauti yangu. Mlinzi akaja, na mama mmoja wa nyuma, simjui hata kidogo, akasimama: "Mwacheni amalize, mbona yule hamkumkata?" Ukumbi ukalipuka. Nilisoma wote, Baba. Karibu saa nzima. Sauti imekauka mpaka leo.

Ripoti ya kurasa tatu wameikataa. Uchunguzi utarudiwa na watu wengine, na kampuni imekata rufaa. Mkurugenzi yuko palepale kwenye kiti chake, usidhani ameondoka.

Chuo kimoja kimenipa nafasi melini mwao. Si kiongozi, ni mchuja tope tu. Tunaondoka Jumatano. Wakija na rufaa yao, watanikuta nimeongeza orodha.

Binti yako