Mpini Uliopinda

Makongeni, Jumapili

Mpendwa Wambui,

Sisi hatujambo, ila nyumba imekuwa kimya tangu babu yako, Guka, alipotuacha. Unauliza kama fundi aunyooshe mpini uliopinda wa kisu kimoja kati ya vile alivyokuachia. Usikubali. Miaka ya hamsini, tukiwa wachumba, Guka alinipeleka kwa mhunzi wa Ruiru. Mhunzi alinipa donge la udongo laini nilifinye, kisha akachonga mpini huo kufuata alama za vidole vyangu.

"Mkono mdogo hivi utamlisha nani?" akanitania.

"Mimi," Guka akajibu. "Sili sana."

Alidanganya! Lakini kila Jumamosi alikipaka kisu hicho mafuta mwenyewe, mpaka mwisho. Nawe kipake. Ukikishika, umenishika mkono, hapo unikumbuke.

Cucu wako