Nati ya Boti ya Babu

Puumala, 9 Julai

Dada Tuulikki,

Sijamwambia mtu mwingine: mimi ndiye niliyelegeza nati ya bomba la dizeli kwenye boti ya Babu Kauko. Kila kiangazi yeye na Bibi huzunguka ziwani, na hapa kwetu hulala siku moja tu. Tangu nimalize shule na wewe uhamie Oulu, sina wa kuzungumza naye.

Nilitaka wakae zaidi, na safari hii walikaa siku tatu, Babu akihangaika na injini iliyogoma kuwaka. Jioni ya tatu, zamu ya wanawake ilipofika, mimi na Bibi tuliingia sauna kuoga mvuke wa mawe ya moto.

"Mwaga maji, mjukuu wangu! Unayaonea mawe huruma?" alinitania. Kisha akasema taratibu, "Babu yako anataka kuiuza boti. Anasema mikono yake imesahau kazi."

Zamu ya wanaume, Babu alipoingia, nilikimbia gatini nikaikaza nati.

Asubuhi injini iliwaka. Babu akacheka kwa sauti. "Umeona, bikizee wangu? Fundi bado yupo!"

"Bikizee yupi, mimi au boti?" Bibi akamjibu.

Wameondoka, na boti haiuzwi tena. Gati ni tupu. Tafadhali, dada, Babu asijue kamwe kwamba si mikono yake iliyoiponya.

Mdogo wako,
Vieno