Volti Nilizokuandikia

Mbulumbulu, Karatu
16 Juni 2025

Mpendwa dada Bernadina,

Hujambo dada? Huko Ujerumani baridi imepungua? Huku sisi ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Mama kifua kinambana kwa ajili ya ukungu, lakini kanisani hakosi. Ngano imeanza kutoa masuke.

Natamani barua iishie hapo. Kwenye simu nimeanza mara nne nikafuta, ndiyo maana naandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha nikutumie.

Ule mtambo wako wa haidrojeni, uliofunga jikoni kwenye bweni la wasichana utoe gesi ya kupikia kwenye maji kwa umeme wa jua, umekufa. Alhamisi gesi ilikatika maharage yakiwa hayajaiva. Fundi Noel alitoka Arusha akaufungua, akanionyesha ule utando wa ndani unaotenganisha gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Umetoboka.

"Kaka, hii haifi ghafla," akasema. "Volti lazima zilikuwa zinapanda miezi mingi. Si wewe ndiye unapima?"

Dada, zilikuwa zinapanda. Mwezi wa tatu nilikutumia volti mbili kwa kila seli, wakati hesabu ya utafiti wako, kwa jua na joto la maji la siku ile, ilikadiria moja nukta nane. Ukaniuliza kama nimeshika waya vizuri. Nikapima tena, ikawa ileile, nikaona aibu. Mimi niliyeishia kidato cha pili, na kamita ka dukani Karatu mjini, nikukosoe wewe? Nikaamua mita ndiyo mbovu. Kwa kuwa makadirio ya wiki nzima ulikuwa unanitumia kila Jumapili, basi kila asubuhi nilisoma mita, halafu nikaandika namba yako, nikiipunguza au kuiongeza kidogo ili isifanane mno. Nilidhani nakuheshimu.

Ukafurahi. Ukaniandikia kwamba hesabu yako inalingana na mtambo halisi kuliko za wenzako wote. Hapo ndipo niliposhindwa kabisa kusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeniumbua.

Najua tarehe tatu Julai unasimama mbele ya walimu wako na namba zile. Usisimame nazo. Na za kweli usiniombe, maana sikuziandika popote. Nimekaa na daftari siku tatu nikijaribu kukumbuka. Nakumbuka mbili tu: ile uliyoniuliza, na ya Alhamisi asubuhi, mbili nukta sita. Kazi yako ya miaka minne nimeiharibu mimi, na siwezi kukurudishia hata wiki moja.

Wasichana wamerudia kuni. Wakinisalimia naangalia chini.

Shangazi Martha anakusalimu, na Modest pia. Mama anakusalimu sana. Yeye hajui. Ameiambia jumuiya ije tarehe tano kushangilia shahada yako, na amenituma mimi kualika. Jana nimepita nyumba kumi na moja.

Mungu akushike mkono huko uliko peke yako. Usiponijibu nitaelewa.

Mdogo wako anayekupenda,
Hilary