Kopo Ndani ya Mkoba wa Kujifungulia

Jumanne. Tangu asubuhi mawingu yamekaa juu ya Makindye kama mgeni asiyetaka kusema ana shida gani. Mvua hainyeshi, jua halitoki. Miguu imevimba, viatu vimenikataa, na leo simwamini mtu.

Mkoba wangu wa kwenda kujifungulia uko chini ya kitanda. Niliupanga mwenyewe wiki iliyopita, na kwa tabia yangu niliupanga nikiwa nimefunga mlango. Juu kabisa niliweka vile ambavyo mkunga atavidai kabla hajanisalimia: glavu, pamba, wembe, uzi wa kitovu na ile kavera, plastiki ngumu ya kutandika kitandani. Katikati nguo za mtoto. Chini lesu zangu kuukuu, na juu yake kitenge cha marehemu mama, kile cha bluu, kwa sababu nataka mtoto aguse kitu cha kwetu kabla hajagusa cha mtu mwingine.

Leo nimeufungua ili niongeze sabuni. Chini ya kitenge kuna kopo.

Sikuliweka mimi.

Ni kopo la plastiki la mafuta ya kujipaka, kubwa, lenye mfuniko wa kuzungusha. Limesuguliwa kwa majivu mpaka karatasi yake ya nje imetoka. Ndani kuna kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri na kavera nyeusi. Hakuna kingine. Nimelinusa, nimeligonga, nimelitazama kwenye mwanga wa dirisha kama mwenye duka anayekagua noti.

Nyumba hii tunakaa watu wawili tu, mimi na mama mkwe. Mume wangu, Otim, ni askari na yuko kazini Karamoja, kwa hiyo mama yake amekuja kukaa nami mpaka nijifungue. Nani ameweka kopo, hilo halihitaji upelelezi. Kwa nini ameliweka kimyakimya, hilo ndilo limenikosesha raha.

Niseme ukweli wangu. Mama huyu ananitendea wema uliozidi. Ananichemshia maji ya kuoga. Ananikata kucha za miguu maana sizifikii tena. Hali mpaka mimi nimeshiba. Mwanamke mwingine angepiga magoti kushukuru. Mimi huwa najiuliza anataka nini. Tulipokimbia kutoka kwetu Uvira nilikuwa msichana mdogo, na kila aliyetupokea kwa tabasamu pana alikuwa na jambo lake nyuma ya tabasamu. Somo hilo halijanitoka.

Basi nimelitoa kopo, nikaliweka jikoni kando ya masufuria, mahali pa wazi, nione atafanya nini. Kisha nikampigia Mama Sifa.

Mama Sifa ni Mkongomani mwenzangu, anakaa Namuwongo na kuuza vitenge Nakivubo, na ukitaka kuogopa vizuri, mpigie yeye. Ameniambia bila kuvuta pumzi kwamba kopo hilo ni la kubebea kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto. Kwao kina Otim, amesema, wanalirudisha nyumbani na kulizika karibu na mlango, na likishazikwa huko mtoto ni wa huko, hakuna wa kumdai. Akanikumbusha, kana kwamba nimesahau, kwamba Otim hajatoa mahari kwa kuwa kwetu hakubaki mtu wa kuipokea. Halafu akaleta habari za mwanamke mmoja wa Bukavu ambaye wakwe walimchukua mtoto wake alipoacha tu kunyonya. Nilimuuliza mwanamke huyo anaitwa nani. Akasema hata akinitajia simjui.

Nimemshuku na Mama Sifa pia, lakini hofu ilikuwa imeshaingia.

Maana kweli, mkononi nina nini? Cheti cha ndoa sina. Baba au mjomba wa kusimama mbele ya watu na kusema huyu ni binti yetu, sina. Nina karatasi ya ukimbizi na tumbo. Siku wakisema mtoto ni wao na mimi niende zangu, nitajibu nini?

Mchana nilipitiwa na usingizi. Nilipoamka nilikwenda jikoni, na kopo halikuwepo. Nikarudi chumbani, nikainama, jambo ambalo kwa tumbo hili si mchezo, nikauvuta mkoba. Kopo limerudi palepale, chini ya kitenge cha mama. Yaani ameingia nikiwa nimelala akapitisha mkono chini yangu.

Hapo hasira zikanipanda.

Nilitoka nalo hadi mlangoni, alikokuwa anapepeta simsim, nikaliweka mbele yake. Mama huyu ameishi miaka mingi kambini hapahapa Makindye, mumewe akiwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili anacho, cha kambini, kisicho na mapambo. Nikamuuliza kama anataka kumchukua mtoto wangu.

Hakushtuka. Alipepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Mutoto ni ya Otim, mimi hapana ficha," akasema. "Ile kitu ya nyuma inaenda Gulu, inazikwa pale kwa mulango. Wewe natoa kopo, mimi narudisha. Natoa tena, mimi narudisha tena."

Nikamwambia kumbe mimi ni mfuko wa kubebea tu, mzigo ukifika mfuko unatupwa.

Ndipo akanieleza, macho yake yakiwa kwenye simsim. Watoto wake wote aliwazaa hapa Kampala. Makondo yao yalitupwa, wapi hajui na hakuuliza. Alikuwa kijana wa mjini na mambo ya kijijini aliyacheka. Mumewe alipofariki, alimpeleka kwao Gulu akamzika. Baada ya mazishi mashemeji wakamuuliza ana nini chake ndani ya ardhi ile. Akawaonyesha kaburi. Wakasema huyo ni ndugu yao. Kisha wakalima mpaka kwenye ukuta wa nyumba yake ya hukohuko, naye akafunga mlango akarudi Kampala. Lakini kondo la mjukuu, amesema, hao hawawezi kulikataa.

"Kama yako iko pale, hakuna mutu nakufukuza," akasema. "Hata Otim. Hata mimi."

Niliingia ndani, nikakaa kitandani nikalia.

Nililia kwa ajili ya kondo langu mwenyewe. Mama yangu alilizika chini ya mgomba nyuma ya nyumba yetu Uvira, na nilipokuwa mtoto alikuwa akinionyesha mgomba wenyewe. Nyumba ile sasa wanakaa watu nisiowajua. Ndizi wanakula wao. Kwa hiyo najua vizuri kwamba kuzika hakumzuii mtu kufukuzwa, na mama mkwe asinidanganye. Lakini hata leo mtu akiniuliza kwetu ni wapi, ninachokiona ni mgomba ule. Mtoto wangu naye ataulizwa. Ataona nini, chumba cha kupanga?

Machozi yalipokauka, tabia yangu ikarudi kazini. Kondo la mjukuu likizikwa pale, mashemeji hawatakuwa tena na la kumwambia mama mkwe. Ataufungua mlango wake kwa kupitia tumbo langu. Kumbe maji ya kuoga na kucha vilikuwa na jambo nyuma yake, kama nilivyoshuku, na nikiri kwamba nilifurahi kidogo kuona sikukosea. Halafu nikajiuliza: na mimi ninayetaka mtoto wangu awe na ardhi ya watu ambao hawajanitolea mahari, sina jambo langu?

Jioni alinichemshia maji kama kawaida. Nikamwambia kopo litabaki kwenye mkoba, ila siku ya kwenda Gulu nalibeba mimi, mapajani, na likishushwa shimoni mashemeji wote wawe wananitazama usoni.

Akafikiri. "Sawa. Wewe nabeba kopo. Mimi nabeba mutoto."

Nimelizungusha jibu hilo kichwani tangu hapo na bado silipendi.

Nimechukua mkasi, nikakata kipande cha kitenge cha mama, kile cha bluu, nikakiweka ndani ya kopo juu ya kitambaa chake cheupe. Kama kitu changu kitaingia kwenye ardhi ya Gulu, na mama yangu aingie nacho. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia.

Nimefunga mfuniko, nimefunga mkoba, nimeusukuma chini ya kitanda.

Kesho asubuhi nitaangalia kama kipande bado kimo.